Naomba Ruhusa Nikazoe Tope

Ukitaka kujua jinsi serikali inavyompenda mtumishi wake, soma orodha ya likizo. Kuna ya mwaka, siku 28, ambayo kila baada ya miaka miwili inakuja na nauli ya kwenda kwenu na familia, ukawaoneshe wazee kwamba mjini bado unapumua. Kuna ya uzazi, siku 84, na Mungu akikujalia mapacha zinafika 100. Kuna ya baba, fupi kiasi kwamba mtoto hajazoea mwanga wa taa, mzee ameshasaini daftari la mahudhurio. Kuna ya ugonjwa, ya masomo, ya msiba, na ile ya bila malipo kwa wenye mashamba ya parachichi Njombe. Chini kabisa ya fomu ya ofisini kwetu, pale ambapo mchapaji alikuwa amechoka, kuna kisanduku kimeandikwa "Nyinginezo (taja)".

Mimi nikataja. Tangu siku hiyo afisa utumishi wetu akiniona kwenye korido anabadilisha njia.

Nilichotaja kilikuwa kwenda Hanang kujitolea. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ya mvua ilimeguka, ikateremka na mawe, magogo na tope mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Hapo sina utani na sitaujaribu. Utani wangu wote uko Dodoma, umekaa kwenye kiti cha kuzunguka, umewasha feni.

Jeshi, JKT, Polisi na Zimamoto walikuwa wameshafika, na hiyo ndiyo kazi yao. Lakini tope lililoingia nyumbani kwa mtu mpaka usawa wa dirisha haliondoki kwa katapila. Katapila linapita barabarani. Ndani ya nyumba panatakiwa beleshi, karai na mtu mwenye mgongo. Mgongo ninao. Beleshi ninalo pia, nililinunua kwa ajili ya nyumba yangu ambayo mpaka leo ni kiwanja na mabishano na jirani. Na cheti cha huduma ya kwanza nilichopewa nikiwa shule kipo kabatini, chini ya vyeti vya semina nilizolala.

Basi nikamwendea afisa utumishi.

"Mama, shikamoo. Naomba ruhusa."

"Marahaba. Umefiwa?"

"Hapana, Mama."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Mke kajifungua?"

"Bado."

Akavua miwani. "Sasa kaka yangu, huumwi, hujafiwa, hujapata mtoto, na unataka kuondoka kazini. Nikuandike nini?"

"Andika kujitolea. Maafa. Hanang."

"Na mshahara?"

"Uendelee, Mama."

"Kujitolea kwa mshahara?" Akalitamka neno moja moja, na vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo waliokuwa pembeni wakacheka kwa adabu. "Hiyo si kujitolea, hiyo ni safari ya kikazi. Na kama ni safari ya kikazi, posho yake iko kifungu gani?"

Nikamwambia sitaki posho. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtumishi anayekataa posho anatia shaka kuliko anayeiba. Akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Mzee wa masjala, ambaye amehudumu tangu enzi za mashine za taipu na atastaafu akiwa bado anazitafuta, alinivuta kando. "Kijana, wewe unafanya mambo magumu. Ungesema bibi amefariki." Nikamjibu bibi zangu wote walishatangulia, na serikali inalijua hilo. Akanionea huruma. Kwetu kuna bwana mmoja wa manunuzi ambaye bibi yake mzaa baba, kwa mujibu wa faili, alizikwa Tukuyu, na mwaka uliofuata akazikwa tena Kondoa. Hakuna aliyemuuliza swali. Bosi alitoa rambirambi mara zote mbili, ya pili ikiwa kubwa zaidi kwa sababu mafuta yalikuwa yamepanda.

Mimi niliyesema kweli niliambiwa niandike dokezo.

Dokezo lilitoka masjala likaenda kwa mkuu wa kitengo, akaandika pembeni kwa kalamu ya kijani: "Tujadili." Hatukujadili. Likaenda kwa mwanasheria, akaandika kwamba hajaona kinachokataza wala kinachoruhusu, kwa hiyo anashauri busara itumike. Likaenda kutafuta busara ghorofa ya tatu. Mkaguzi wa ndani, ambaye sijui lilimfikiaje, akauliza: huyu akivunjika mguu huko nani atamfidia, maana hatakuwa kazini wala hatakuwa likizo inayojulikana? Swali hilo, nakiri kwa shingo upande, lilikuwa la maana kuliko yote, na kwa hiyo hakuna aliyelijibu. Mwisho dokezo likanirudia na sentensi moja: "Mwombaji aambatishe barua ya mwaliko kutoka eneo la tukio."

Mwaliko! Nimwandikie nani? "Kwa heshima na taadhima, tope la Gendabi linakualika..."

Huku dokezo likipanda na kushuka ngazi, ofisi yetu haikukaa kimya. La hasha. Kwenye kundi la WhatsApp la watumishi michango ilipita, kila mtu akatoa, na mwenye kuchelewa akatajwa jina. Yakanunuliwa mablanketi, sabuni na unga. Kisha ukaundwa msafara wa kwenda kuvikabidhi: bosi, msaidizi wa bosi, afisa uhusiano, mpiga picha, mhasibu wa kubeba ile hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, na madereva wa magari mawili. Wote kwa posho ya kujikimu, na kwa hao kifungu kilipatikana kabla chai haijapoa. Walikwenda, wakapigwa picha wakiwa na nyuso za huzuni, wakarudi. Nilivitazama viatu vya msafara mzima pale kwenye maegesho. Vilikuwa visafi.

Sisemi unga haukuwa na maana. Unga ulihitajika. Nasema kwamba kwenda kwenye maafa kusimama kulipata kibali, gari na posho, na kwenda kwenye maafa kuinama kulikosa hata kisanduku.

Wapo watakaoniambia: si ungekwenda mwisho wa wiki? Hoja hiyo ina nguvu kuliko mnavyodhani, maana nimepitia kalenda. Tetemeko la Kagera, Septemba 10, 2016: Jumamosi. Ndege ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria ikitaka kutua Bukoba, Novemba 6, 2022: Jumapili. Hanang: Jumapili. Ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024: Jumamosi. Utadhani maafa ya nchi hii yamehudhuria semina elekezi, yakaambiwa yasisumbue saa za kazi. Kivuko cha MV Nyerere pale Ukara, Septemba 20, 2018, ndicho kilichozama Alhamisi, na waliokimbilia majini mwanzo walikuwa wavuvi na wanakijiji ambao kwa bahati njema hawana daftari la mahudhurio.

Tatizo ni kwamba maafa yanaanza Jumapili lakini hayaishi Jumapili. Tope la Jumapili Jumatano linakuwa gumu, Ijumaa linaanza kunuka, na wiki ya pili, wakati wapiga picha wameshaondoka, ndipo mwenye nyumba anapokosa mtu wa kumshikia upande wa pili wa kabati. Kijana wetu wa TEHAMA hakujaza fomu yoyote. Alipanda basi Ijumaa jioni na wenzake wa kanisani, wakashinda wakizoa siku zote mbili, akarudi usiku wa manane. Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni akibonyeza ile mashine ya alama za vidole. Mashine ikamkataa. Akabonyeza kidole kingine, ikamkataa. Viganja vilikuwa malengelenge matupu; alama zake zilibaki kwenye mpini wa beleshi la watu. Mfumo ukamwandika mtoro, na yeye ndiye anayeutunza mfumo.

Halafu kuna habari ya Majaliwa Jackson, mnaikumbuka. Siku ile ya ndege waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, na kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliohangaika na mlango wa ndege. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai. Rais akaagiza apewe ajira kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na nchi nzima tukapiga makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele. Ila makofi yalipoisha nikabaki na hesabu inayonikereketa. Yeye alijitolea, akapata ajira ya serikali. Mimi ninayo ajira ya serikali, nikijitolea siku ya kazi naandikiwa barua ya kujieleza. Laiti siku ile angekuwa mtunza kumbukumbu daraja la pili, na siku yenyewe ingekuwa Jumanne!

Kwa hasira nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Usiku, kwa bando langu mwenyewe, maana intaneti ya ofisi ina kazi za ofisi na mechi za Simba.

Wajapani walijifunza kwa uchungu. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 liliua watu zaidi ya 6,400, na katika mwaka ule watu zaidi ya milioni moja wakajitokeza kusaidia bila kuitwa. Wengi walikuwa wanafunzi na watu wa kawaida. Serikali ikatazama watumishi wake waliofunga tai, ikaona haya, na kuanzia 1997 mtumishi wa serikali kuu ana likizo maalumu ya kujitolea, mpaka siku 5 kwa mwaka, mshahara ukiendelea. Lakini Mjapani ni Mjapani: kabla ya kuondoka unawasilisha mpango wa shughuli, unakwenda wapi na utafanya nini. Nilipoona hivyo nikajua afisa utumishi wetu angeweza kuishi Tokyo bila shida yoyote.

Wajerumani nao wana chombo chao cha uokoaji, THW, kilichoanzishwa 1950, ambacho karibu wote waliomo ni watu wa kujitolea, zaidi ya 80,000, mafundi umeme, madereva, makarani. Wakiitwa, sheria inamtaka mwajiri awaachie na mshahara usiguswe, na mwajiri binafsi anaidai serikali imrudishie. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Mwajiri anadai, serikali inalipa. Nikafunga simu nikanywa maji.

Marekani ndiko nilikoaibika. Huko majimbo kadhaa yana sheria zao kwa watumishi wa jimbo. Texas ni siku 10 kwa mwaka wa fedha, Florida na Georgia siku 15, Illinois na New York 20. Nikaanza kushangilia, nikachukua kalamu niandike dokezo la pili lenye makali, kisha nikafika kwenye masharti. Uwe umethibitishwa na Msalaba Mwekundu kuwa mtu wa kujitolea kwenye maafa. Msalaba Mwekundu wenyewe ndio uombe uende. Na bosi wako akubali. Yaani cheti, barua ya mwaliko na sahihi ya mkubwa! Texas wameongeza na kizibo: wanaostahili likizo hiyo kwa wakati mmoja wasizidi watumishi 350 jimbo zima, na jimbo lenyewe ukubwa wake ni kama robo tatu ya Tanzania.

Sikumwambia Mama. Masharti hayo angeyatundika ukutani.

Hata hivyo nikitafakari, naelewa kwa nini wamefunga mlango nusu. Nawajua watumishi. Nimewahi kuishi kati yao, na sasa ni mmoja wao. Tangaza leo kwamba anayejitolea kwenye maafa anapata siku 10 na mshahara wake, kesho asubuhi utasikia waliokuwa wanashindwa kupandisha dumu la maji ghorofa ya kwanza wote ni waokoaji. Itaundwa Kamati ya Uratibu wa Kujitolea, yenye mwenyekiti, makamu, katibu na wajumbe wanaotoka kila idara kwa uwakilishi. Kamati itahitaji warsha ya kujengeana uwezo, na warsha haiwezi kufanyika Dodoma kwa sababu Dodoma ndipo tulipo, kwa hiyo itafanyika Morogoro, hotelini, siku nne. Zitashonwa fulana, yatatolewa makofia. Mafuriko yakitokea Rufiji, kama yale ya Aprili 2024, wajumbe watauliza kuhusu mbu. Yakitokea Unguja, hata watu wa mapokezi watakuwa na vyeti vya uzamiaji. Na atakuwepo mmoja, kila ofisi inaye, atakayejitolea kwenye maafa ya kijijini kwao tu, wakati wa mavuno.

Na watu wa Msalaba Mwekundu wenyewe wanajua balaa la msaidizi asiyejua kitu. Chama chetu kipo kwa sheria tangu 1962, kina watu wake waliofundishwa kufunga bandeji, kuhesabu familia kambini, kutafuta mtoto aliyepotezana na mama. Ukimshushia hapo karani mwenye shauku na viatu vya ngozi, amekuongezea mtu wa kulisha. Ndani ya wiki atakuwa naye ni mwathirika.

Kwa hiyo sitaki mlango wazi. Nataka mlango. Wachukueni waliokwisha kufundishwa, mbona wanajulikana? Mwalimu mmoja rafiki yangu amekuwa akijitolea tangu ujana, na maafa ya Desemba hayampi taabu kwa sababu shule zimefungwa. Ya Aprili anayafuata kwenye redio huku akifundisha sehemu na desimali. Mtendaji wa kata ninayemfahamu anajua kuendesha boti ya uokoaji, na anaiendesha kwa siri. Hawa wapewe siku chache, mshahara usikatwe, akiumia ihesabike ameumia kazini, na jina liwe kwenye orodha kabla mvua haijanyesha, ili kijiji kikizama watu wasianze kutafuta busara ghorofa ya tatu. Basi. Hata fulana sitaki.

Na kwenye PEPMIS, huko tunakojaza kazi tulizofanya ili tupimwe, wanitafutie mahali pa kuandika. Maana nimekaa nikajiuliza: "Kutoa tope kwenye nyumba ya mjane, futi tatu" linaingia chini ya lengo lipi la taasisi? Nimeona mwenzangu ameandika "kushiriki vikao" wiki nzima na akafaulu.

Dokezo langu la pili nililiandika kwa upole. Nikaambatisha nakala ya cheti changu cha huduma ya kwanza, nikataja Wajapani, Wamarekani nikawaruka. Nililipeleka mkononi, nikasimama mlangoni mpaka Mama alipolisoma lote.

"Hili ni zuri," akasema, na nusura nimbusu mkono. "Ila subiri kwanza, jina lako nimeliona mahali leo." Akafungua jalada jingine, la njano, limejaa mihuri mibichi. "Ehe. Umechaguliwa timu ya kamba."

Msioifahamu SHIMIWI niwaeleze kwa ufupi: ni shirikisho la michezo ya wizara na idara za serikali, na mashindano yake ni ya kila mwaka. Kuna soka, netiboli, riadha, kuna bao, kuna karata na drafti, na kuna kuvuta kamba, ambako watu wazima wenye digrii wanashika kamba upande huu na wengine upande ule. Jambo jema kabisa, linajenga afya na mshikamano, sina neno.

"Mama, mimi sijaomba."

"Hakuna kuomba. Kibali kimeshatoka. Mgongo wako wameuona kwenye bonanza." Akanihesabishia karatasi moja moja: kibali, barua ya kuachiwa kazi, fomu ya posho ya kujikimu, nauli ya kwenda na kurudi, fomu ya ukubwa wa traksuti. Mkuu wa kitengo alikuwa ameridhia. Mwanasheria hakuulizwa. Hata mkaguzi wa ndani alikuwa ameandika "Kila la heri", na nyota pembeni.

"Na nikivunjika mguu?"

"Kuna daktari wa timu."

Nilikwenda, mnadhani ningefanya nini? Tulishika kamba mara moja, tukaburutwa mchezo wa kwanza kabisa na mabwana wa wizara moja wenye shingo nene, tukaangukia makalio mbele ya mgeni rasmi. Jioni ile nikaanza kufunga begi nirudi kazini. Kiongozi wa msafara akanikuta, akanishangaa sana, akanionesha kibali. Kilikuwa kimeandikwa mpaka fainali.